Ardith Schrock na Kisanduku Chenye Jicho

Ule ukuta aliubuni yeye mwenyewe, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Uwanja wa mbio uko katikati ya mahindi, upande wa kusini wa mji, na kando ya njia kuna kibanda cha chakula chenye ukuta mrefu wa mbao. Kila Agosti, kwa siku moja, uwanja huwa wa watu waliofanya kazi katika kiwanda cha magari cha mji huu na wa magari yaliyozaliwa humo humo: yale madogo ya turbo, yaliyokuwa yakipiga mluzi mji mzima miaka ile ya tisini. Magari yalipoanza kuzeeka, na mengine yakawa yanasukumwa kuliko kuendeshwa, Ardith alipanda juu ya meza akatoa hoja ya mzaha. Gari litakaloshindwa kufika mwisho wa njia miaka miwili mfululizo, bamba lake la namba lipigiliwe misumari ukutani. Mwenyewe atoe hotuba ya mazishi, awanunulie watu pai, na gari hilo lisitie tena gurudumu uwanjani. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na hoja ikapita. Nyundo akakabidhiwa Verl Hockenberry, aliyekuwa msimamizi wa zamu yao, kwa sababu Verl alikuwa na uso wa mchimba makaburi tangu ujana wake.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mabamba yakaongezeka, na kila msumari ulipoingia Ardith ndiye aliyeongoza wimbo wa mazishi. Hata bamba la Faustino Barrera, Tino kwa wenzake, rafiki yake tangu siku ya kwanza kazini, alimwomba Verl nyundo akalipigilia kwa mkono wake, huku akitania. Tino alitoa hotuba fupi, akanunua pai za cheri, akaenda nyumbani mapema kuliko kawaida yake. Ardith hakuliona hilo siku ile. Mtu anayecheka huwa haoni sana.

Mwaka jana zamu ikamfikia. Gari lake la kijani lilifika mbele ya taa za kuanzia, likakohoa, likajaza ndani harufu ya samaki aliyeoza, likazima. Wakalisukuma pembeni mbele ya macho ya watu wote. Verl akaja taratibu, akainama dirishani.

"Pole, Ardie."

"Usinipe pole. Nimeshindwa mwaka mmoja tu, bado mmoja."

"Najua. Nilikuwa naangalia tu kama bamba lako lina matundu mawili au manne. Nisije nikaleta misumari pungufu."

Ardith alirudi nyumbani akivutwa kwa kamba nyuma ya pikapu ya mdogo wake Delmar.

Ili ujue kwa nini kipande kile cha bati kilimnyima usingizi mwanamke wa miaka zaidi ya sitini, mwenye nyumba yake, afya yake na viazi vyake bustanini, lazima ujue kazi aliyoifanya. Ardith alikuwa binti wa mkulima wa mahindi. Kiwanda kilipofunguliwa alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuajiriwa. Asubuhi walinyoosha viungo kwa pamoja wakihesabu kwa Kijapani, jambo lililomfanya baba yake acheke hadi chai impalie, kisha kila mtu akaenda kituoni kwake. Kituo cha Ardith kilikuwa cha kompyuta ya injini. Kila gari lililopita mbele yake lilipata akili kutoka mikononi mwake: kisanduku cha bati, ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisani, akiingize nyuma ya redio, abane skrubu, achomeke plagi za nyaya. Gari linalofuata. Na siku ya kwanza kabisa aliambiwa jambo moja: hiki hakifunguliwi.

Hebu lifikirie jambo hilo. Mtu anakipa kitu uhai kila siku kwa vidole vyake, halafu anaambiwa kilichomo ndani hakimhusu. Ardith alitii miaka yote ile. Alibeba vichwa vya maelfu ya magari kama mpagazi anayebeba mzigo usio wake, na hakuwahi kuona hata kimoja ndani. Watu wa namna yake wamejaa duniani. Wanashona suruali wasizoweza kuzinunua, wanaunganisha mashine wasizoruhusiwa kuzijua, na jioni wanaambiwa ahsante, mlango ule pale.

Lile gari la kijani alilinunua lilipotoka kwenye mstari wa kuunganishia siku ya zamu yake. Wenzake walinyanyua zulia kabla halijabandikwa, wakatia sahihi zao kwenye sakafu ya chuma kwa kalamu nyeusi. Tino, aliyekuwa akipitisha nyaya, alichora na mchoro wa mbuzi ambao hadi leo hajaueleza. Kiwanda baadaye kilifungwa. Watu wakatawanyika, wengine hadi majimbo ya mbali. Sahihi zikabaki chini ya zulia. Bamba la gari lile likipigiliwa ukutani, ni wote wale wamezikwa, na yeye aliyeanzisha mazishi ndiye angesimama kuhutubia.

Theluji ya kwanza ilipoanguka Ardith alifanya alichokatazwa. Jumamosi moja, baada ya chakula cha mchana, alikichomoa kisanduku, akakiweka kwenye meza ya gereji, akafungua skrubu nne. Alikuwapo Tino, ambaye siku hizi hurekebisha ubao wa matokeo wa uwanja wa shule na redio za wazee. Alikuwapo na Delmar, aliyekuja kuleta mayai akakaa.

Kifuniko kiliponyanyuka Delmar alirudi nyuma.

"Dada, ni nini hicho kinachonuka?"

"Kompyuta."

"Kompyuta gani inanuka samaki?"

"Iliyokufa," Tino akasema. Alivaa miwani yake ya pili juu ya ile ya kwanza, akaelekeza ncha ya bisibisi. "Hivi vidude kama vikopo ni kapasita. Ndani vina majimaji. Vikizeeka vinavuja, na yale majimaji yanatafuna njia za shaba zinazopitisha umeme. Unaona hapa? Hapa palikuwa na njia. Na hapa. Panya mwenyewe hafanyi kazi safi namna hii."

"Inatengenezeka?"

"Kapasita, ndiyo. Shaba iliyokwisha kuliwa yote hivi, ningekudanganya."

Delmar alikuwa ameshatoa simu. "Basi kwisha habari. Yuko jamaa anauza kompyuta mpya, zina kila kitu. Unamwambia una gari gani, anakuandikia programu, anakutumia. Unakata nyaya za zamani, unaunga zake, unawasha."

"Nikitaka kubadilisha kitu?"

"Unampigia anakubadilishia. Amezifunga kwa neno la siri, watu wasiibe kazi yake."

"Kwa hiyo akifa?"

"Nani?"

"Huyo jamaa. Akifa, au akikasirika, au akihama."

Delmar akatazama paa. "Dada, ni kompyuta ya gari. Unanifanya nifikirie mazishi ya mtu nisiyemjua."

"Nyaya hizi alizipitisha Tino."

"Kata tu," Tino akasema. "Mimi nililipwa kwa saa."

Ardith hakucheka. Aliufuta mkono kwenye aproni. "Miaka yote nilibeba kisanduku nilichokatazwa kukifungua. Leo nimekifungua mara ya kwanza, na nyinyi mnataka ninunue kingine kilichofungwa. Mdogo wangu, kitu usichoweza kukifungua si chako. Umekodishwa tu."

Hapo ndipo safari ya kuchagua ilipoanza. Kompyuta za magari yale hazikuwa za aina moja, ingawa nje zilifanana kama mapacha. Zipo za gari lenye turbo na za lisilo na turbo, za gia za mkono na za gia za kujibadilisha zenyewe. Ila tofauti kubwa ilikuwa ndani. Nyingi zina chipu iliyozibwa kabisa: programu iliyomo ndiyo hiyo hiyo hadi kiama. Chache, za miaka ya mwanzo, zina chipu yenye dirisha dogo la kioo mgongoni, dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Ukilimulika dirisha hilo kwa taa kali ya zambarau, maandishi ya ndani yanafutika na unaweza kuandika upya unavyotaka. Wenyewe wanaliita jicho. Kwenye karatasi ya nje hakuna linaposemwa. Dawa ni kufungua na kutazama.

Na wauzaji hawapendi kufunguliwa. Kwenye yadi za magari mabovu Ardith alikutana na vijana waliomwapia. "Hii ni turbo, mama, orijino kabisa." Anatoa bisibisi yake, anafungua: jicho hakuna. Yadi nyingine: jicho hakuna, na kisanduku ni cha gari lisilo na turbo. Yadi ya tatu walimwambia akifungua amenunua. Akawajibu basi wangoje mteja kipofu, akaondoka.

Habari njema zilitoka kanisani. Mtu alimwambia kwamba kwa bibi Oleta Gingerich, upande wa mashariki kwenye barabara ya changarawe, kuna gari la namna ile limekaa nyuma ya ghala tangu mjukuu wake ahame. Ardith alikwenda na Delmar. Gari walilikuta kweli, limezama magurudumu ardhini, vioo vimetiwa ukungu, na kutoka ndani yake kukasikika mlio wa kukatisha tamaa.

"Hilo ni banda la kuku," Delmar akasema.

"Ni la wanaotamia tu," bibi Oleta akajibu. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kilemba cheupe na buti za mpira. "Wengine wana banda lao. Hawa wanapenda utulivu."

"Bibi, nina shida na kitu kilichoko nyuma ya redio," Ardith akasema.

"Redio haifanyi kazi."

"Siitaki redio. Nyuma yake. Kompyuta."

Bibi Oleta akamtazama Delmar, kana kwamba alitaka kuhakikisha kuwa mgeni wake ana mlezi. "Gari lina kompyuta?"

"Linayo, bibi."

"Kuku hawajalalamika."

Alimruhusu kwa sharti moja: yule kuku mwekundu wa kiti cha abiria asiinuliwe, maana alikuwa siku za mwisho za kutamia. Ardith alifanya kazi nzima akiwa amejikunja upande wa dereva, mkono umepita chini ya usukani, na kuku mwekundu akimdonoa kiwiko kila skrubu ilipolegea. Delmar alisimama nje akifa kwa kicheko. Kisanduku kilitoka na manyoya yake. Ardith alikifungua pale pale juu ya boneti. Hakikunuka samaki, kapasita zilikuwa zimeanza kutoa jasho lakini shaba ilikuwa nzima, ikimetameta. Na katikati, likimtazama, jicho.

"Kumbe ulikuwa hapa," akaliambia, kama mama aliyemkuta mtoto nyuma ya mlango. Bibi Oleta hakutaka malipo ila pai moja ya rubabi, yale mashina machachu ya bustanini, na ahadi kwamba mlango wa gari utafungwa vizuri, maana mbweha wapo.

Kazi ya kukibadilisha ilichukua majira ya baridi na sehemu nzuri ya masika. Tino alitoa kapasita zote, akalehemu mpya. Akaing'oa chipu na mahali pake akaweka soketi, ili chipu ichomekwe na kuchomolewa bila moto. Ardith alitafuta taa ya zambarau iliyokuwa ya saluni ya kucha, akaambiwa ni dhaifu, akapata ya kufutia chipu hasa, akaifungia ndani ya droo. Akajifunza kusoma majedwali ya namba: kwa mzunguko huu na hewa hii, nozeli zinazonyunyizia mafuta zifunguke muda gani, na cheche iwahi kiasi gani. Alikuwa hajui kitu. Aliuliza watu wa mbali kwenye mtandao, wengine wajukuu zake kwa umri, na wakamjibu kwa subira. Hakuna aliyemwomba cheti. Walimpa walichokijua kwa sababu na wao walipewa. Nikisikia watu wakisema binadamu hafanyi jambo bila faida, huwakumbuka watu wale.

Kisha akafanya uamuzi uliomfurahisha Delmar kuliko yote: gari litakunywa spiriti ya mahindi. Delmar huuza mavuno yake kwa kiwanda kinachoyageuza kuwa spiriti ya magari, na kituo cha mafuta cha mjini kinaiuza. Turbo inaipenda, kwa kuwa ni baridi na injini haigongi kirahisi. Ila inahitaji kumiminwa kwa wingi, hivyo nozeli kubwa zaidi, hivyo kuiambia kompyuta habari mpya kabisa.

"Gari la dada yangu ni mlevi," Delmar akawa anawatangazia watu dukani. "Analewa shamba langu."

Kila programu mpya ilikuwa na utaratibu wake. Futa, andika, bandika kipande cha karatasi ya gundi juu ya jicho, chomeka, ingia barabara ya mashambani, sikiliza. Kile kipande Tino alikisisitiza.

"Jicho hili halipendi mwanga. Mwanga ndio unaolifuta. Ukimaliza kuandika, lifunike."

"Nimesikia."

"Najua umesikia. Nakuambia ili usikie tena."

Mwanzoni gari lilipiga chafya kama mtu aliyenusa pilipili. Baadaye likawa linavuta kidogo kisha linakata. Ardith anarudi, anafuta, anaandika. Mahindi yalipofika kiunoni, siku moja alikanyaga mafuta kwenye gia ya tatu na turbo ikapiga mluzi aliokuwa hajausikia tangu ujana wake. Mgongo ukabanwa kwenye kiti. Alisimamisha gari kando ya shamba, akazima, akakaa. 

Basi Agosti ikafika. Mahindi marefu kuliko mtu, hewa nzito kama supu, jua limesimama juu ya uwanja bila wingu la kulisitiri. Kwenye kibanda walikuwa wakikaanga nyama ya nguruwe iliyopondwa hadi kuwa pana mara mbili ya mkate wake. Verl alikuwa na nyundo kiunoni na misumari miwili mdomoni, kama seremala.

Ardith alikuwa amelala na wazo moja: mwaka huu watu waone. Kisanduku hakukirudisha nyuma ya redio. Alikilaza juu ya ubao kwenye kiti cha abiria, nyaya zake zikiwa zimeunganishwa, kifuniko amekiacha nyumbani kwa makusudi. Yeyote apite, achungulie, ajue kilichomo. Chini ya hema lao injini ilinguruma tamu kama paka aliyeshiba, na wenzake wa zamani wakajaa mlangoni.

"Jicho lenyewe liko wapi, Ardie?"

"Hapo, chini ya hiyo karatasi."

"Sasa tutalionaje?"

Akakibandua kile kipande. Waliinama mmoja mmoja, kina mama na kina baba waliobeba visanduku hivi maisha yao yote, wakalitazama jicho. Mmoja akasema, "Hiki ndicho tulichokuwa tunakatazwa?" Kile kipande kilikwama kwenye kidole gumba cha Ardith, kisha kikaanguka asijue wapi.

Spika ikamwita. Alitoka chini ya hema, akaingia foleni. Dirisha la paa lilikuwa wazi kwa ajili ya joto. Mbele ya taa za kuanzia, mahali pale pale pa mwaka jana, gari likakohoa. Likapanda, likashuka, likatetemeka. Taa ikawa kijani. Gari likazima.

Mtu mmoja, wala hakuwa na nia mbaya, alianza kuimba ule wimbo wa mazishi kwa sauti ya chini, ule ule aliouongoza Ardith.

Walilisukuma hadi hemani. Verl akawafuata, akatoa misumari mdomoni ili azungumze. "Kila gari lina majaribio mawili kwa siku. Una moja baada ya chakula. Ukishindwa hilo, Ardie, ni wewe uliyeandika sheria."

"Sheria naijua, Verl."

"Na pai ni za nini?"

"Toka kwenye hema langu."

Alipowasha chini ya hema, injini ilinguruma bila kasoro. Hapo ndipo alipokaribia kulia. Gonjwa linalojificha daktari akija ndilo linaloua.

"Ni joto," Delmar akasema. "Boksi limepata joto."

"Humu hemani ni joto kuliko nje," Tino akasema. "Ni waya. Kuna mahali waya umelegea. Tulisukume nje tutikise kila kitu."

Wakalitoa juani, injini ikiwaka. Haikupita dakika likaanza kukohoa. Delmar akafungua mlango wa abiria, akainama ndani kuangalia plagi za nyaya, mabega yake ya mkulima yakajaza mlango mzima. Injini ikatulia.

"Usiguse kitu," Ardith akasema kutoka kwenye usukani.

"Sijagusa."

"Umefanya nini?"

"Nimeinama tu."

"Toka."

Delmar akatoka. Gari likakohoa.

"Ingia."

Akaingia. Gari likatulia.

"Toka tena."

"Dada, mimi si pampu."

"Toka, Delmar."

Akatoka, likakohoa. Ardith akageuka polepole kukitazama kisanduku. Jua la mchana lilikuwa limepita kwenye dirisha la paa na kutua juu yake, mraba mweupe wa mwanga, na katikati ya mraba ule jicho lilikuwa limekodoka, uchi wa mnyama. Akanyoosha kiganja, akalifunika kwa kivuli cha mkono. Injini ikanguruma kama paka.

Tino alishika kichwa kwa mikono miwili. "Nilikwambia mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Ningekwambia mara tatu."

"Imefutika?" Delmar akauliza.

"Mwanga wa jua unachukua siku nyingi kulifuta," Tino akasema. "Lakini jua kali hivi likilipiga machoni, linasoma vibaya. Ni kama wewe uelekezwe taa usoni halafu uambiwe usome Biblia."

Ardith alicheka, kicheko cha kwanza cha siku ile. Alikuwa amepigania haki ya kufungua, akadhani kufungua ni kuacha wazi. Jicho pia lina kope zake. Delmar akaleta karatasi ya fedha iliyofungiwa nyama, Tino akampiga kofi mkononi, maana karatasi ile hupitisha umeme na ingeunguza kila kitu. Tino mwenyewe akatoa mfukoni utepe mweusi wa mafundi, akakata kipande, akampa Ardith. "Bandika mwenyewe. Ni chako." Kifuniko kilikuwa nyumbani, hivyo juu yake wakalaza kofia ya Delmar yenye nembo ya mbegu za mahindi, wakaifunga kwa kamba.

Spika ikamwita mara ya pili. Safari hii watu waliacha sahani zao. Kwenye njia ya pili, sambamba na yake, alikuwa binti wa Verl mwenyewe, Janelle, na gari jekundu alilorithi kwa mama yake.

"Kofia ya nani hiyo, mama Ardith?" Janelle akauliza kupitia dirisha.

"Ya akili ya gari. Jua kali."

Taa zikashuka. Njano, njano, njano. Ardith hakusikia kitu isipokuwa injini, na injini haikukohoa. Kijani. Aliachia klachi, magurudumu yote manne yakauma lami, na gari likaruka kama ng'ombe aliyeumwa na nyuki. Gia ya pili. Mluzi wa turbo ukapanda juu ya mahindi pande zote mbili. Gia ya tatu, na nyuma yake ikabaki harufu tamu ya spiriti, ile harufu ya shamba la Delmar. Janelle alikuwa ubavuni, kisha begani, kisha kwenye kioo cha nyuma. Ardith alipita mstari wa mwisho akiwa amefumbua mdomo bila sauti, na alikuwa ameshapita mbali kabla hajakumbuka kukanyaga breki.

Alirudi taratibu kwa njia ya pembeni, kioo kikiwa chini. Watu walikuwa wamejipanga kwenye uzio wakipiga mabati, sahani, chochote. Delmar alikuwa akimweleza kila aliyesimama karibu kwamba ile ilikuwa kofia yake.

Verl alimngoja mbele ya ukuta. Uso ulikuwa ule ule wa mchimba makaburi, ila misumari alikuwa ameitemea kiganjani.

"Basi," akasema. "Bamba lako libaki lilipo."

"Nipe nyundo, Verl."

"Ya nini? Nyundo hii ni ya kupigilia."

"Ina upande wa pili."

Verl alimtazama, akaitazama nyundo, kana kwamba miaka yote alikuwa hajaugundua ule upande wenye meno mawili. Akampa. Ardith alitembea ukutani, akapita mabamba mengi, akasimama mbele ya moja. Tino, aliyekuwa akimfuata, aliacha kutembea.

"Ardie, acha. Gari langu limekaa ghalani miaka. Kompyuta yake inanuka samaki."

"Najua inanuka nini."

"Na jicho haina. Nilishaifungua zamani, sikukwambia."

"Tutatafuta yenye jicho. Kuku wako wengi jimbo hili." Alichomeka meno ya nyundo chini ya kichwa cha msumari. "Nililipigilia mimi. Leo ndiyo nimeona uliondoka mapema siku ile."

Tino alivua miwani moja.

Ardith akaweka uzito wake wote kwenye mpini. Msumari ulilia, ukapinda, ukatoka, na bamba likaning'inia upande mmoja. Nyuma yake, kwenye umati, sauti ya mwanamke mmoja, ambaye gari lake lilizikwa zamani kuliko la Tino, ikauliza ni nani anayefuata kwenye foleni ya nyundo.